Kuku Aliyekataa Kuwa Zambarau

Asubuhi ile kuku alitoka kwenye mashine amevaa jinzi.

Nieleze vizuri. Kichwa chake kilikuwa zambarau, safi kabisa, zambarau ya tunda la jambula lililoiva mpaka linachafua ulimi. Shingo pia zambarau. Kuanzia kifuani rangi ikaanza kuchoka, na tulipofika mapajani kuku alikuwa bluu. Bluu tupu. Afande alimshika kwa ncha za vidole, akamwinua kwenye mwanga wa mlangoni, akamgeuza huku na huku.

"Wewe mtoto," akaniambia. "Nani amevalisha kuku yangu jinzi?"

Afande ni sajini wa polisi, mwanamke wa kaskazini, mrefu kiasi kwamba kwenye duka letu anainama ili asigonge kanzu zilizoning'inia. Ndiye golikipa wa timu ya netiboli ya wanawake wa kambini kwao. Alama ya timu yao ni kuku mwenye hasira, amekumbatia mpira kama yai lake, na lazima awe zambarau. Fainali ilikuwa kesho yake. Na wapinzani wao, bila shaka umeshakisia, huvaa bluu.

"Nikivaa hii," akasema afande, "si ni kama nashangilia adui na kifua yangu mwenyewe?"

Mimi nikacheka. Sikutaka kucheka, kicheko kilitoka chenyewe. Lakini kesi ya siku ile haikuwa ya kuku peke yake.

Duka letu liko Kisenyi, hapa Kampala, kati ya gereji inayogonga mabati tangu asubuhi na Msomali anayepika pasta yenye harufu ya kukutoa kazini. Mwenye duka ni Hajati. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani zamani, na kwao bado wanaongea Kiswahili kilichonyooka, si hiki chetu cha kuokoteza. Miaka yote Hajati ameshona kanzu. Mimi nilipomaliza sekondari nikaja kwake kushona vifungo, na vifungo, wallahi, karibu vinitoe roho. Kifungo kimoja, kingine, kingine, vyote vinafanana. Basi nikaanza kumwimbia wimbo wa mashine ya DTF. Inachapa picha kwenye plastiki laini inayoitwa filamu, nikamwambia. Unamwagia unga wa gundi, unaoka kidogo, halafu unabandika kwenye tisheti kwa pasi kubwa. Picha yoyote! Rangi yoyote! Nilimwimbia mpaka akaondoa cherehani yake ya nakshi kwenye kona nzuri karibu na dirisha, na mashine ikakaa pale.

Sasa mashine ilikuwa imemwaibisha Hajati mbele ya wateja mara mbili kwa kuharibu zambarau, na ile asubuhi, kabla hata sijavua koti nililovaa kutoka nyumbani Kyebando, alikuwa ameshasema hukumu.

"Kuna bwana wa Namuwongo anakuja baada ya Asri kuitazama. Nikiona zambarau kabla ya Asri, mashine inakaa. Nisipoiona, anaichukua, cherehani yangu inarudi dirishani, nawe unarudi kwenye vifungo."

"Hajati, lakini..."

"Mimi sijui biashara ya kubembeleza chuma, mwanangu."

Ndiyo maana kicheko changu kilikuwa kifupi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kile anachofanya mtu asiye na subira: nikaenda kwenye kompyuta. Zambarau ni nini? Ni bluu na ile nyekundu ya waridi, tunayoiita majenta. Kama kuku anakuwa bluu, basi majenta imepungua. Kama imepungua, iongeze! Nikaiongeza kwenye picha. Nikaiongeza tena. Kwenye skrini kuku akawa mwekundu kama nyanya iliyokanyagwa. Nikachapa. Akatoka kichwa cha nyanya, miguu ya jinzi.

"Sasa hii ni kuku ama ni bendera?" afande akauliza. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, magoti yamefika kifuani. Alikuwa na siku ya mapumziko na alikuwa ameamua kuimalizia kwetu. "Mimi siondoki," alisema. "Nikiondoka mtanipatia kuku ya kijani."

Nikachapa mistari ya majaribio. Hii ni kazi ambayo ningeanza nayo kama ningekuwa mtu mwenye akili. Mashine inachora vimistari vya kila rangi, na unaona ni rangi gani inatoka na ipi haitoki. Bluu ilikuwa nzima. Njano nzima. Nyeusi nzima. Nyeupe nzima, maana nilikuwa nimeitikisa vizuri. Ile nyeupe ina tabia ya kulala chini ya tangi kama uji ulioachwa. Majenta? Majenta ilikuwa kitana kilichong'oka meno.

Basi nikaosha hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachotema wino. Unabonyeza tu, mashine inanguruma na kunyonya wino kwa nguvu. Nikachapa mistari. Meno yamerudi! Nikaruka. Nikachapa kuku. Kichwa zambarau, shingo zambarau, kifua... banange, jamani. Jinzi.

Nikaosha tena, kwa hasira. Mistari ikawa mibaya zaidi. Nikaosha tena. Sasa majenta yote ikapotea, hata jino moja halikubaki, na kutoka nyuma ya pazia, anakoshonea, Hajati akauliza kwa upole, "Binti, hiyo ndiyo zambarau inanguruma hivyo?"

"Inakuja, Hajati!"

"Haya. Vifungo viko kwenye kopo la maziwa, usisumbuke kuvitafuta."

Nikampigia fundi. Fundi wetu ni Mkenya, yuko Nairobi; ndiye aliyetuuzia mashine na akaja kuifunga. Yeye haelewi Luganda hata neno moja, na mimi Kiingereza cha mashine kinanitoroka nikiwa na haraka, basi lugha yetu ni Kiswahili, chake cha Nairobi na changu cha Kampala, vinakutana njiani kila kimoja kimebeba mzigo wake. Spika ya simu yangu ilikufa, kwa hiyo lazima nibane simu sikioni na nipige kelele kuishinda gereji.

Sasa kuna jambo la ulimi wangu. Mimi ni Muganda, na kwetu R na L ni ndugu wanaovaa nguo moja. Anayeamka mapema ndiye anavaa. Nikiandika, naandika rangi. Nikiongea polepole mbele ya Hajati, nasema rangi. Nikipanik, hakuna.

"Fundi!" nikapiga kelele. "Langi zinanisumbua! Langi moja imekuwa dhaifu kabisa! Inaanza vizuri halafu inachoka!"

Benchi likalia. Afande amesimama.

"Hapana," nikaendelea, "Langi zingine ziko sawa, ni hii moja tu! Nimeiosha, nimeiosha, lakini ukiosha ndiyo inazidi kuwa mbaya!"

"Ati nini?" afande akasema.

Nikageuka. Afande alikuwa amesimama wima, kichwa ndani ya kanzu zilizoning'inia, mikono kiunoni. Na hapo ndipo nikakumbuka kwamba kwao afande, kule kaskazini, kabila lake ndilo linaitwa Langi.

"Nani amekuambia Langi ni dhaifu?" akauliza. "Na nani ameosha nani?"

"Rrrrangi!" nikasema. Ulimi ulinitetemeka kama bodaboda inayokataa kuwaka. "Afande, rrrrangi! Ya wino!"

Alitoa kichwa kwenye kanzu. Halafu akaanza kucheka kutoka chini, mpaka kanzu moja ikaanguka begani mwake. "Langi inaanza vizuri halafu inachoka," akarudia, anafuta macho. "Ngoja nikaambie bwana yangu. Yeye pia ni Langi."

Nyuma ya pazia Hajati alikuwa anakohoa kikohozi ambacho si kikohozi.

"Sista, uko?" fundi aliniita sikioni. "Huko ni wapi, ni sokoni? Skiza. Wacha kuosha. Ukiosha sana unavuta hewa tu. Hiyo ni hewa inaingia. Rangi ikianza fiti halafu ififie, hedi iko sawa, ni wino haufiki. Fungua kifuniko, angalia zile dampa."

Dampa ni viboksi vidogo vya plastiki vilivyopangwa mstari juu ya hedi. Kila rangi na chake. Mrija unaleta wino kutoka kwenye tangi, unaingia kwenye dampa, na dampa ndiyo inainywesha hedi.

"Dampa gani?" nikapiga kelele.

"Angalia ile ya kulia."

"Ipi?"

"Ile ya kulia! Uki..." Na simu ikakata. Salio limekwisha.

Nikasimama na simu mkononi. Ile ya kulia.

Nikwambie ukweli, nililipenda lile neno palepale. Dampa ya kulia! Dampa inayolia, dampa ya machozi. Nikawaza, hawa Wakenya wanajua kuvipa vitu majina; sisi tungesema tu inavuja. Sikuwaza hata kidogo kwamba kulia ni upande. Shuleni mwalimu wetu alisema raiti, nyumbani tunasema Kiganda chetu, na Hajati, ambaye ndiye Kiswahili changu chote, husema mkono wa kuume. Kulia kwangu kulikuwa jambo moja tu: macho na maji.

Basi nikazima mashine, nikafungua kifuniko, nikachukua tochi ya simu, nikaanza kutafuta dampa yenye huzuni.

"Unatafuta nini?" afande akauliza.

"Natafuta inayolia."

"Kitu gani inalia?"

"Dampa, afande. Shika tochi."

Akashika tochi. Urefu wake ulisaidia, aliinama juu ya mashine kama taa ya barabarani. Tukaanza kwa nyeupe. Kavu. Nyeupe ya pili, kavu. Nyeusi, ile ya mwisho upande ule, kavu kama biskuti. Njano, kavu. Bluu, kavu. Nikaanza kuona vifungo, vingi, vyeupe, vinanisubiri kwenye kopo la maziwa. Nikaenda mwisho wa upande huu mwingine, ule wa ukutani, ambao lazima upinde shingo ndiyo uone.

Pale ambapo mrija wa majenta unaingia kwenye dampa yake kuna nati ndogo ya plastiki. Na chini ya nati, nakuapia, kulikuwa na tone. Tone dogo, jekundu la waridi, limening'inia. Tukalitazama. Likajaa, likajikaza, likaanguka.

"Eh!" afande akasema kwa sauti ya chini. "Kweli inalia."

"Inalia!" nikapiga kelele. "Hajati! Inalia!"

"Nani analia?" Hajati akatoa kichwa nje ya pazia, sindano iko mdomoni.

"Dampa!"

Akatutazama, mimi na afande tumekumbatiana juu ya mashine iliyofunguliwa. Akarudisha kichwa chake.

Sasa ikaeleweka yote. Pale wino unapotoka ndipo hewa inapoingia. Mashine ikianza kuchapa, dampa imejaa, kuku anapata kichwa cha zambarau. Ikiendelea kunyonya, inanyonya hewa badala ya majenta, na kuku anavaa jinzi. Na mimi kila nilipoosha nilikuwa naipigia hewa ya ziada!

Nikafungua nati. Ndani kuna kipete kidogo cha mpira, na kilikuwa kimepasuka. Kwenye mfuko wa vipuri ambao fundi alituachia kulikuwa na vingine, vidogo kama pete ya sisimizi. Cha kwanza kikaniponyoka, kikaruka, kikapotea kabisa kwenye unga wa gundi. Afande akasema mimi ni mshambuliaji mbaya. Cha pili akaniambia nimpe yeye, na kile kidole chake kikubwa kama ndizi ya gonja kikakikalisha mahali pake polepole, kama mtu anayemvalisha mtoto hereni. Nikakaza nati kwa mkono, si kwa koleo, plastiki haipendi vita. Halafu nikachukua sirinji nikavuta wino kupitia dampa: mapovu, mapovu, mapovu, wino wenye mapovu, na mwishowe wino mtupu, mzito, mzuri, hakuna hata povu moja. Nikapanguza. Nikasubiri. Mimi, kusubiri! Hakuna tone.

Nikawasha, nikaosha hedi mara moja tu kama mtu mwenye adabu, nikachapa mistari. Majenta ikatoka na meno yote, hadi magego.

Simu ikalia. Fundi mwenyewe amepiga.

"Sista, ulikata. Umeangalia ile ya kulia?"

"Nimeiangalia! Ilikuwa inalia kweli! Nimebadilisha kipete, sasa imenyamaza!"

"Imenyamaza?"

"Hailii tena. Machozi yameisha."

Kimya. Nikadhani salio lake pia limekwisha.

"Sista," akasema polepole, "mimi nilisema upande wa kulia. Right. Mashine nyingi majenta hukaa kulia. Hiyo yako ya kulia ni rangi gani?"

Nikatazama mashine. Nikatazama mikono yangu. Nikamuuliza afande, "Kulia ni wapi?"

Afande akapiga kisigino pale dukani. "Kulia, geuka!" akajiamrisha, na akageuka, mwili mzima, akawa anatazama moja kwa moja ile dampa nyeusi, kavu kama biskuti, isiyo na shida yoyote duniani.

"Nyeusi," nikamwambia fundi. "Haina neno. Inayolia iko upande ule mwingine."

Mtu wa Nairobi alicheka mpaka nikasikia wenzake wanamuuliza kuna nini. Nami nikacheka, na afande, aliyekuwa ananisukuma begani kila akitaka kuanza upya: "Natafuta inayolia! Afande, shika tochi!" Kama ningejua Kiswahili kizuri ningefungua ile nyeusi, nikaivuruga, na mpaka leo ningekuwa nashona vifungo.

Lakini kucheka kote huko kulikula muda. Nilipoweka filamu mpya na kubonyeza, mwadhini akaanza. Asri.

Hajati akatoka nyuma ya pazia. Akatazama mashine. Hedi ilikuwa inakwenda na kurudi, na kilichotoka kilikuwa kishungi cha kuku peke yake.

"Hajati, adhana bado haijaisha!" nikasema. "Ulisema kabla ya Asri. Asri si mpaka amalize?"

"Mimi nakwenda kusali," akasema Hajati. "Nikirudi nitaona nitakachoona." Akaingia nyuma ya pazia na mkeka wake.

Tukabaki tunatazama. Kishungi, zambarau. Shingo, zambarau. Kifua. Afande alinishika mkono, akanibana mpaka vidole vikafa ganzi. Kifua zambarau! Tumbo zambarau! "Songa, mama, songa," afande alikuwa anamwambia kuku. Mapaja yakaja zambarau, miguu zambarau, kucha zambarau, na mimi nikaanza kuruka kwenye nafasi isiyotosha kuruka, kichwa kinapiga kanzu za watu.

Nikamwaga unga, nikaoka, nikabandika kwenye jezi, nikabana pasi, nikaacha ipoe kidogo, nikavuta plastiki polepole kutoka pembeni. Kuku alikuwa anatutazama kwa hasira, zambarau kuanzia kichwani mpaka kwenye mkia.

"Hodi hapa?"

Mlangoni alikuwa amesimama bwana mmoja mwenye shati la maua na futi ya kupimia mkononi. Sikuhitaji kuambiwa. Namuwongo amefika.

"Ndiyo hii?" akaja moja kwa moja. Akaigusa mashine. Akamtazama kuku, macho yakamtoka. "Eh! Nimeambiwa inasumbua, kumbe inachapa hivi? Hii naichukua leo leo. Nina gari hapo nje."

Sikuwa nimewaza hilo kabisa. Mashine mbovu angeweza kuikataa; hii niliyoiponya mwenyewe, nani ataikataa? Akaanza kuipima na futi.

"Bwana," afande akasema, akasimama mpaka mwisho wa urefu wake. "Toa mkono. Hii mashine iko chini ya ulinzi."

"Wa nani?"

"Wangu. Inasaidia polisi."

Bwana akatabasamu, akadhani ni mzaha, akatazama kimo chake, akaacha kutabasamu. Lakini futi hakuikunja.

Pazia likafunguka. Hajati alitoka taratibu, bado na mtandio wa sala. Hakumtazama mgeni. Alichukua jezi, akaipeleka dirishani, pale ambapo cherehani yake ilikuwa inakaa zamani, akaigeuza kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba kwenye kishungi, kwenye tumbo, akakawia kwenye mapaja. Akavuta kitambaa huku na huku kuona kama kuku atapasuka. Gereji, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ilikuwa imenyamaza.

"Shikamoo Hajati," bwana akasema. "Nimeiona, nimeipenda. Niambie tu, bei gani?"

Hajati akaikunja jezi vizuri, akampa afande kwa mikono miwili. Ndipo akamgeukia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Unataka jezi moja, au timu nzima?"